Ukitaka kujua kama mfumo unatumika, tafuta kaunta buku

Wengi wanaotumwa kutathmini mifumo ya taarifa za afya huja na dodoso. Je, mfumo ni rahisi kutumia? Je, umeridhika nao? Muuguzi anaweka vema kwenye "ndiyo" zote, anasaini, anarudi kwa wagonjwa. Nimefanya kazi za takwimu ngazi ya wilaya kwa muda mrefu, na siku hizi majibu hayo nayasoma mwisho.

Maswali ya namna hiyo yana asili yake. Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alitaka kujua ni nini kinachomfanya mtu aikubali kompyuta: anaiona ina faida? Anaiona ni rahisi? Vizuri, ila mtumishi wa kituo cha afya hakuulizwa kama anaukubali mfumo. Uliletwa kwa barua kutoka juu. Watafiti DeLone na McLean, ambao kielelezo chao cha mwaka 1992 cha kupima mafanikio ya mifumo ya taarifa bado kinatumika sana, walionya wenyewe walipokirekebisha mwaka 2003 kwamba haitoshi kuhesabu matumizi bila kutazama ni matumizi ya namna gani. Kwa hiyo idadi ya watu walioingia kwenye mfumo leo haikuambii mengi, hasa kama zamu nzima inatumia nywila moja iliyobandikwa ukutani.

Ushauri wangu: omba kuona daftari. Sizungumzii vitabu rasmi vya MTUHA, yaani rejesta za serikali za taarifa za huduma za afya, kama namba 5 cha wagonjwa wa nje. Nazungumzia kaunta buku lililopigwa mistari kwa rula na kuwekwa kwenye droo. Karibu kila idara yenye kompyuta inalo. Ukilipata, usimkemee mtu, na wala usikimbilie kuandika "watumishi wanapinga mabadiliko", sentensi ya kivivu kuliko zote katika ripoti hizi. Soma vichwa vya safu zake. Wodi ya wazazi nilikuta safu ya makabidhiano ya zamu: nani yuko kwenye uchungu, nani aangaliwe kwanza. Mfumo haukuwa na mahali pa kuandika hayo. Maabara walikuwa na daftari kwa sababu umeme ukikatika majibu hayaonekani, na daktari hawezi kusubiri. Safu hizo ndizo mahitaji ambayo watengenezaji hawakuyauliza. Kisha hesabu ni dakika ngapi mhudumu anatumia kuandika jambo lile lile mara mbili, na muda huo uuingize kwenye gharama za mfumo.

Hatua inayofuata inachosha, lakini usiiruke: hesabu upya. Tanzania na Kenya takwimu za vituo huingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya, na wilaya husifiwa kwa ripoti kufika zote, tena kwa wakati. Ripoti kufika mapema si sawa na ripoti kuwa sahihi. Chagua viashiria vichache, kwa mfano hudhurio la kwanza la wajawazito na Penta 3 (dozi ya tatu ya chanjo ya Penta kwa watoto), hesabu kwenye kitabu mstari kwa mstari, kisha linganisha na kilichotumwa. Tofauti ikizidi asilimia 10 hivi, kaa chini na watu wa kituo. Tazama pia kama kwa mwaka mzima waliopata Penta 3 ni wengi kuliko waliopata Penta 1. Ikiwa hivyo kuna walakini, ingawa uliza kwanza: kituo kilicho mpakani mwa wilaya hupokea watoto walioanzia kwingine.

Na faida? Muulize mganga mfawidhi akuonyeshe uamuzi mmoja wa karibuni uliotokana na takwimu zake. Usimuulize kama takwimu "zinasaidia". Uamuzi wenyewe: dawa iliyoongezwa kwenye maombi, zamu iliyobadilishwa, kijiji kilichopangiwa kliniki ya mkoba. Akikosa, jua data zinapanda tu juu, hazirudi. Mahali pengi nilipopita, faida iliyoonekana haraka ilikuwa kwenye mapato na madai ya bima. Sina ubaya na hilo, fedha hizo hununua dawa. Ila angalia kompyuta ya mhasibu ikizima fundi anakuja lini, kisha uulize ya wodini imezima tangu lini.

Usiondoke bila kujua nani atalipia bando, wino na fundi mfadhili akishaondoka. Muulize anayeingiza data, si meneja wa mradi. Kituo kimoja kwenye jedwali la gharama intaneti ilikuwa imeandikwa sifuri, kumbe karani alikuwa akituma ripoti kwa bando la simu yake. Nilimwomba anitajie anatumia shilingi ngapi kwa mwezi, nikaziandika palipokuwa na sifuri.