Uliza Shangazi Akujibu: Waliotunza wazee wakati wa korona wamebaki na nini?

Asalaam aleikum shangazi. Mie mgeni kwenye kazi ya kutunza wazee hapa Wete, wenzangu niliowakuta wote walipita kipindi cha korona na kila siku naambiwa "ungekuwepo 2020 ungeijua kazi". Nikiuliza walijifunza nini naambiwa kunawa mikono na barakoa. Si hilo sote tunalijua? Hamna jengine?

Waaleikum salaam mwanangu. Lipo, tena kubwa, ila wenyewe hawalitaji mana limeshakua mazoea. Walijifunza kumjua mzee alivyo siku akiwa mzima.

Mwanzo wa korona sote tulikua tunasaka homa na kikohozi, thamomita asubuhi thamomita jioni, kumbe mzee mwili wake mara nyingi hata homa haupandishi, unamgusa hana joto na huku maradhi yashaingia kifuani. Dalili inakuja kwa mlango mwengine: maneno yanampotea, anaanguka akienda chooni, kala kidogo, kalala mchana kutwa na si kawaida yake. Chukua bibi ambae kila siku akishasali alfajiri anakaa upenuni na ukili wake, leo umemkuta ukili upo mapajani vidole vimesimama, chai imepoa na boflo halijaguswa, ukimuuliza atakwambia hajambo tu. Asiemjua atapita. Anaemjua atakaa nae, atamuhesabu pumzi, atamtia kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni (kidole kiwe na joto na kisiwe na piko, piko inakidanganya kipimo), ikisoma 95 kwenda juu mshukuru Mungu uendelee kumuangalia, ikiwa chini ya 90 usingoje hata adhuhuri iingie, ni spitali, hata kama anaongea vizuri na anakataa kwenda. Korona ilituonesha watu wanapiga soga na oksijeni ishashuka.

Basi tafuta daftari la skuli la kawaida, muandike kila mzee anaamka saa ngapi, anakula nini, anaongea vipi, choo chake vipi, alafu anaepokea zamu alisome kabla hajashika kitu. Na usione korona imepita ukaliacha, homa ya mapafu na maradhi ya mkojo kwa wazee huja vivi hivi, unashtukia tu mtu hajui yupo wapi.

Shangazi, mama yangu hasikii vizuri. Tokea wakati wa korona dada anaemtunza hakuacha barakoa, nami naona sawa, lakini mama analalamika ati dada anamsema chini chini. Nifanyeje? Jang'ombe.

Mwanangu, mama yako alikua anasikia kwa macho. Wazee wengi wanasoma midomo bila wenyewe kujua, ukiufunika mdomo umemziba masikio, na wala si ujeuri. Watunzaji waligundua hili kwa tabu. Mwambie dada asimame mlangoni kwanza, mbali kidogo, uso wazi, amsalimie na ataje jina lake, alafu ndo avae barakoa mama akimuona. Akija karibu akae mbele yake upande wenye mwanga, aongee taratibu kwa sauti nzito kidogo. Asipige kelele, ukipiga kelele sauti inakua nyembamba, na sauti nyembamba ndo ya mwanzo kupotea kwa mzee. Na kama dada hana mafua na nyumbani hamna mgonjwa, mie sioni haja ya barakoa kutwa nzima.

Kuhusu kusemwa, nawe nenda ukae nae. Wakati ule kulikua na wazee hawakukaguliwa hata na watoto wao, na kwetu mtu kutokukaguliwa ni msiba, wengine waliacha kula kwa upweke tu. Waliokua na akili walimleta mtoto dirishani au walimshikia mzee simu amuone mjukuu wake, video isiwe ndefu, dakika chache zinamtosha.

Mie nalipwa kwa siku, nisipokwenda sina kitu. Nikiwa na mafua niende kwa mzee au nisiende? Chake.

Usiende. Najua ni rahisi kwangu kusema. Uingereza na Kanada waliona wazi kua maradhi yaliingia nyumba za wazee pamoja na wafanyakazi waliokua wanazunguka nyumba mbili tatu mana mshahara wa moja hautoshi, na waliokua wanaumwa wakaenda kazini mana siku ya kulala hailipwi. Ufaransa karibu na Lyon kuna nyumba wafanyakazi walihamia humo humo, wakalala chini kwenye magodoro wiki na wiki ili wasitoke na kurudi na maradhi, lakini hilo huwezi kumtaka mtu mwenye watoto wake.

Hapa lawama naiweka kwa familia. Pencheni jamii ya hapa Zanzibar, ya wazee wa kuanzia miaka 70, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadae ikapandishwa hadi 50,000, na hio haimlipi mtunzaji hata tukiinyoosha vipi, kwa hio watoto lazima wachangie. Kaa nao sasa hivi ungali mzima, mkubaliane siku zako za kuumwa zinalipwa na nani anashika zamu, awe mkwe, awe jirani. Huyo wa kushika zamu aje siku moja moja ukiwepo, mzee amzoee, mumuoneshe namna ya kumgeuza kitandani na dawa zipo wapi.