Kolabo ya metali: mtafute anayepiga tofauti na wewe

Vijana wanaopiga metali, ule muziki mzito wa magitaa, wakiniuliza wafanye kolabo na nani, karibu wote huwa wameshachagua bendi inayofanana na yao: kasi ile ile, mngurumo ule ule, hata fulana zile zile. Mimi huwaambia waitafute bendi ambayo ikipanda jukwaani, mashabiki wao wenyewe hutoka nje kupunga hewa. Hapo ndipo kuna kazi ya kufanya.

Napiga gitaa la threshi, tawi moja la metali, Nairobi. Threshi ni mbio: mapigo 180 hadi 220 kwa dakika, mkono wa kulia haupumziki, na wimbo ukifika dakika tano tunaona umekuwa mrefu. Kolabo iliyonifunza muziki upya niliifanya na bendi ya dumu (doom), metali ya polepole, watu wa mapigo 60 au 70, ambao noti moja wanaiacha ining'inie mpaka ife yenyewe, na wimbo wa dakika 12 kwao ni wa kawaida. Ninayoyaandika hapa yametoka kwenye chumba kile cha mazoezi, na kwenye albamu tulizokaa tukazisikiliza pamoja kabla hatujagusa vyombo.

Anzeni na Altar, albamu ya pamoja ya bendi mbili ya mwaka 2006. Upande mmoja wako Sunn O))), yaani Stephen O'Malley na Greg Anderson wa Marekani: magitaa, majoho, ampu za kukuza sauti zimepangwa kama ukuta, na mara nyingi hakuna dramu kabisa. Upande wa pili wako Boris wa Tokyo: Wata, Takeshi na Atsuo. Hawa nao wanajua kupiga polepole, lakini wana roki ya kasi ndani yao, na Atsuo si mtu wa kukaa kimya nyuma ya dramu. Sikilizeni wimbo wa kwanza, "Etna". Gitaa linavuma bila kipimo, kisha dramu zinabingirika juu yake, na hakuna anayemlazimisha mwenzake amfuate. Halafu sikilizeni "The Sinking Belle". Bendi mbili zinazosifika kwa kutikisa madirisha zimepiga wimbo laini kabisa, na Jesse Sykes anaimba juu yake kwa upole. Kwangu huo ndio wimbo bora wa albamu nzima, na siamini kama bendi yoyote kati ya hizo mbili ingeufikia ikiwa peke yake.

Kwa hiyo msipange kubandika. Nimesikia kolabo nyingi ambapo ubeti ni wa hawa na kiitikio ni cha wale, na kila sehemu ikibadilika unasikia kabisa mlango umefungwa na mwingine umefunguliwa. Hizo ni nyimbo mbili zilizokatwa na kuunganishwa. Tungeni wimbo ambao ukimwondoa mmoja wenu, unaanguka.

Tatizo la kwanza litakuwa kasi, na wengi hukimbilia kukutana katikati. Ukichukua 70 ya dumu na 210 ya threshi, ukaenda 140, umewaharibia wote: dumu imepoteza uzito na threshi imepoteza makali. Badala yake fanyeni hesabu. 70 mara tatu ni 210. Kila pigo moja la dumu linabeba mapigo matatu ya threshi, na kila mtu anabaki kwenye kasi aliyoizoea. Tulipojaribu hivyo, mpiga dramu wetu alilishika haraka kuliko sisi wote, kwa sababu mtindo wa tatu ndani ya moja umejaa kwenye ngoma zetu za Afrika Mashariki. Kwake lilikuwa jambo la nyumbani.

Halafu kuna kutuni, yaani kukaza au kulegeza nyuzi. Watu wa dumu hushusha sauti ya gitaa kwa kulegeza nyuzi. Wenzetu walikuwa wamelishusha mpaka A, ambayo ni hezi 55 (mitetemo 55 kwa sekunde). Sisi tulikuwa kwenye E ya kawaida, hezi 82 na kitu. Mtu mmoja akapendekeza tushuke tuwafuate, na mimi namshukuru mpiga besi wao aliyesema hapana, achieni hapo hapo. E ni noti ya tano juu ya A. Wao wakipiga uzi mnene wazi na sisi tukipiga wetu wazi, bendi mbili zinakuwa pawakodi moja, yaani noti ya msingi na ya tano yake zikilia pamoja. Mara ya kwanza tulipoipiga kwa sauti ya juu, nyaya zilizo chini ya snea, ile dramu ndogo ya mlio mkali, zilianza kutetemeka zenyewe, mpiga dramu akiwa ameweka fimbo mapajani. Hatukuhitaji mtu wa kutuambia kwamba wimbo umepatikana.

Ila hapo chini pana msongamano. Besi mbili, dramu la mguu na gitaa lililoshushwa vyote vinagombea sehemu moja, na fundi wa sauti hawezi kuokoa kilichopangwa vibaya. Mkabidhini mtu mmoja sehemu ya chini kabisa. Sisi tuliwaachia dumu, besi yetu ikapanda oktava moja juu, na mimi nikapunguza distoshoni, yaani ule mkwaruzo wa gitaa, kuliko nilivyowahi kupunguza maishani. Kwenye rekodi gitaa langu linasikika kali zaidi kuliko popote pengine.

Kuhusu kurekodi, msikimbilie studio. Converge, ambao asili yao ni hadikoo, panki ya kasi na mayowe, walipanda jukwaani kwenye tamasha la Roadburn, Tilburg, Uholanzi, mwaka 2016 pamoja na Chelsea Wolfe, mwimbaji wa sauti ya giza na taratibu, wakipiga nyimbo zao za polepole. Albamu yao ya pamoja, Bloodmoon: I, ilitoka 2021. Shoo huwaonyesha nani anamsikiliza nani, na studio ya kulipia kwa saa si mahali pa kuligundua hilo.

Tena si lazima muwe wengi. Duma walikuwa wawili tu, Martin Khanja na Sam Karugu, wote waliotoka kwenye bendi za metali za hapa Nairobi. Walirekodi Kampala, na albamu yao ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes mwaka 2020: mayowe ya graindikoo, metali ya kasi ya kupindukia, juu ya midundo ya mashine. Kama bendi zenu hazielewani lakini wapo wawili wanaoelewana, waacheni hao wawili wafanye kazi.

Mwisho, andikeni. Karatasi moja inatosha: nani ametunga nini, hakimiliki inagawanywaje, na kama bendi moja inaruhusiwa kuupiga wimbo huo bila nyingine. Sisi tulikubaliana kwamba hauruhusiwi, kwa hiyo kila tukiitwa kuupiga tunamwambia mwandaaji mapema kwamba tunahitaji seti mbili za dramu na nusu saa zaidi ya kupima sauti. Asiyeweza kutupa hayo, tunampigia nyimbo zetu nyingine.