"Get" yao, "pata" yetu

Juma lililopita niliandika kwamba neno la Kiingereza "get" maana yake ni kupata, nikaishia hapo. Mmenijia juu kutoka Tunduma hadi Mafinga, na mna haki. Haya ni baadhi ya maswali yenu.

Nilimwambia mteja Mzungu "I was stolen my phone", akacheka. Kosa liko wapi? (Muuza mboga, Mwanjelwa)

Pole na simu, mama. Kilichokuponza ni Kiswahili chako kizuri. Sisi tunatofautisha: mtoto ameibwa, mama yake ameibiwa. Hiyo "i" ndogo ya katikati ndiyo inayotuambia hasara imemwangukia nani. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiungo cha namna hiyo, kwa hiyo "I was stolen" inamaanisha wezi walikubeba wewe mwenyewe wakatokomea nawe, na yeye anakuona umesimama nyuma ya nyanya zako.

Sema "My phone got stolen". Hapa "get" haina habari ya kupata kitu, imebeba kazi ya "-wa" yetu: "He got arrested", kakamatwa. Na ukinyolewa na kinyozi usiseme "I cut my hair" kwa mtu anayechambua maneno, atadhani mkasi ulishika wewe. "I got my hair cut" inatosha. Nakiri, mimi mwenyewe nilikosea hili miaka mingi, na nilikuwa nafundisha.

Daftari la mwanangu lina sentensi "The potatoes are getting cold". Nikamwambia viazi vinapata baridi, mwalimu akatia mkasi. (Mzazi, Makete)

Kwa baridi yenu ya mwezi wa saba nakuelewa, hata kiazi shambani kinatia huruma. Lakini hivi viko kwenye sahani: vinapoa. "Get" ikifuatwa na neno la sifa inaonyesha hali inabadilika, na mara nyingi Kiswahili kina kitenzi kimoja tu cha kazi hiyo. "Get wet" ni kulowa (watu wa Tukuyu hawahitaji mfano), "get old" ni kuzeeka, "get drunk" ni kulewa. "Pata" ikijipenyeza hapo, ifukuze. Kwenye magonjwa iache ikae: "get malaria" ni kupata malaria, neno kwa neno.

Natembeza wageni Hifadhi ya Ruaha. Nilimweleza Mmarekani kwamba mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika maji kiangazi miaka ya 1990, akapayuka "Get out of here!" Nusura nishuke garini. Alinitukana? (Iringa)

Hapana, kaka, alishangaa. Ni "acha wee!" ya kwao. Mbona hata sisi kijiweni mtu akileta habari nzito tunamwambia "toka hapa!" na hakuna anayeondoka? Tazama uso. Akiwa amekunja ndita na kusema "Get out!" peke yake, hapo kweli shuka.

Ni "get in" au "get on"? (Konda, Uyole)

Basi unaloweza kusimama na kutembea ndani yake, "get on", na kushuka ni "get off". Gari dogo na bajaji, unakoingia umeinama, "get in" na "get out". Bodaboda unaipanda kama farasi: "get on".

"Got" au "gotten"? (Mwanafunzi, Kihesa)

Kwenye mtihani wa kwetu andika "got", Kiingereza chetu ni cha Uingereza. Lakini usimcheke anayesema "gotten". Waingereza wenyewe walikuwa nayo, wakahamia nayo Marekani, kisha nyumbani ikafifia. Mmarekani anazitumia zote mbili kwa akili: "I've got a car", ninalo gari; "I've gotten a car", nimelipata. Na neno lenyewe si la Uingereza kwa asili. Liliingia kutoka kwa Waskandinavia waliovuka bahari enzi za Waviking, ambao kwao lilikuwa "geta". Waingereza walikuwa na ndugu yake tayari, amejificha ndani ya "forget".

Nilimtumia mteja wa nje bei ya mbao, akajibu "I don't get it". Nikajua ujumbe haukufika, nikatuma tena. Mara tatu. (Mafinga)

Ulifika, ndugu yangu, tangu mara ya kwanza. Anasema hajaelewa, kama sisi tunavyosema "sijakupata". Usitume ya nne. Mweleze kama bei ile ni ya ubao mmoja au ya futi.