Jibu kwa wa Kadutu mwenye mpango wa PS4 nne: hizo batri za gari usizinunue

Acha kwanza. Kama pesa bado iko mfukoni, ikae hukohuko mpaka umalize kusoma.

Umeandika kwamba umepata chumba karibu na soko la Kadutu, hapa Bukavu, unataka kufungua biashara ya kuchezesha PlayStation: PS4 nne, tele nne za inchi 32, batri mbili za gari za ampea 70 na konvertisere (kifaa cha kugeuza umeme wa batri uwe kama wa ukutani) iliyoandikwa wati 1000. Halafu unauliza mambo manne: mchezo gani uweke, mechi uitoze bei gani, mashindano ya Jumamosi yapangwe vipi, na wazazi wakija kulalamika uwaambie nini. Waliokujibu hapo juu wote wanabishana mchezo wa mpira uwe FIFA 23 au FC 25. Batri hakuna aliyeigusa. Watu wanachagua rangi ya mtumbwi, chini kuna tundu, na ziwa ni Kivu.

Mdogo wangu, chumba cha PlayStation hakiuzi mchezo. Mchezo kila kijana anao kwenye simu. Unachouza ni saa za umeme jioni, saa zilezile ambazo delestaji, yaani mgao wa umeme, inapita Bukavu nzima na wateja wako wametoka shuleni na kazini. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni ya wati, na ya pili ni ya wati, na mchezo utautafuta ukishachoka kuhesabu.

Geuza PS4 usome kibandiko cha chini. Namba ikianza na CUH-20, 21 au 22, hiyo ni Slim: kibandiko kinasema hadi wati 165, lakini kwenye mechi ya mpira inakula kama 80 au 90. CUH-10 mpaka 12 ni ile nene ya kwanza, inaweza kufika 120 hadi 150 ukicheza. CUH-70 na kuendelea ni Pro, kibandiko chake kinafika 310, na kwa biashara ya batri hiyo ni mgeni anayekula sahani ya watu wawili. Muuzaji atakuambia "PS4 ni PS4". Ndiyo, na batri ni batri, tutafika huko.

Tuseme zote ni Slim. PS4 wati 90, tele ya LED ya inchi 32 wati 55: posti moja ni 145, posti nne ni 580. Batri yako moja ya ampea 70 kwa volti 12 ni wati-saa 840 kwenye karatasi. Batri ya risasi, kama hizo za gari, haifai kushushwa chini ya nusu, zimebaki 420. Konvertisere nayo inakula ushuru wake, kama asilimia 15, zimebaki 357. Mbili ni 714. Gawanya kwa 580: saa moja na dakika kumi na kitu, na hapo batri ni mpya na hakuna aliyechomeka simu. Kwa kweli itakuwa pungufu, maana batri ya risasi ukiivuta kwa nguvu nyingi inatoa kidogo kuliko ilivyoandikwa. Delestaji ikidumu saa nne utafanya nini? Utarudisha pesa za watu, na mtoto wa Kadutu aliyelipia mechi ya nusu fainali hajui neno "samahani".

Sasa kosa lenyewe. Batri ya gari imetengenezwa kuwasha injini. Inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha altaneta inairudishia palepale. Bamba zake za risasi ni nyembamba ili zitoe nguvu hiyo ya ghafla. Ukiishusha kila jioni mpaka chini, na usiku umeme usitoshe kuijaza, bamba zinashika salfeti na hazirudi tena. Mwezi wa kwanza utaringa. Wa pili utailaumu konvertisere. Wa tatu batri itaonyesha volti 12.6 asubuhi, ukiwasha PS4 mbili inaanguka mpaka 10 na konvertisere inaanza kulia pii pii mbele ya wateja. Hakuna maji ya batri wala fundi wa kuifufua, hata akiichemsha na ndimu.

Kuna mfanyabiashara mmoja, simtaji, anayemwambia kila kijana kwamba "batri ni batri, tofauti ni bei tu". Sentensi hiyo ilinigharimu batri mbili na diski ngumu moja. Hesabu nilifaulu shuleni, msicheke, ila siku ile nilikumbuka ile ya chenji peke yake. Na anaendelea kuuza! Kuitambua ni rahisi: kibandiko kikiwa na herufi CCA (nguvu ya kuwashia injini kwenye baridi), hiyo ni ya kuwashia gari, hata kama amebandika picha ya jua juu yake. Ya sola inaandikwa ampea-saa pamoja na C10 au C20 (yaani ikitumika polepole kwa saa 10 au 20), na ukiinyanyua utasikia uzito wa risasi.

Diski ngumu inaingiaje? Konvertisere ya bei ndogo haibadilishi yenyewe umeme ukikatika. Unakimbia kuchomoa na kuchomeka, na wakati huo PS4 zote zimeshazima katikati ya kuandika data kwenye diski. Ukiwasha, inajikagua diski. Siku nyingine inakataa. Hapo shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 7 mpaka usikie mlio wa pili, unganisha maneti (kile cha kuchezea mkononi) kwa waya wa USB, chagua namba 5, ile ya kujenga upya orodha ya data. Michezo haifutiki. Namba 7 inafuta kila kitu na inataka faili la mfumo kwenye flashi, kwa hiyo usiiguse kwa hasira. Na ile "wati 1000" ya konvertisere za bei ndogo mara nyingi ni ya kilele cha sekunde, kazi ya kudumu ni kama nusu. Wimbi lake pia ni la ngazi ngazi: tele inavuma, vifaa vinapata joto. Tafuta ya sinusi kamili (wimbi laini kama la umeme wa ukutani), yenye chaja ndani, inayojibadilisha yenyewe kwa milisekunde 10 hivi.

Kwa hiyo kanuni ni moja: punguza PS4 nusu, ongeza ukubwa wa batri. Anza na posti mbili, wati 290. Batri mbili za sola za ampea 100 zinakupa wati-saa 1,020 za kutumia, yaani saa tatu na nusu. Au lithiamu moja (LiFePO4) ya ampea 100, ambayo unaweza kuishusha karibu yote, inakupa karibu saa hizohizo. Ni ghali kuinunua, lakini ukihesabu miaka, ya risasi ndiyo ghali.

Chaja nayo wengi wanaisahau. Umetumia ampea-saa 100 jioni, umeme unarudi saa nne usiku na kuondoka alfajiri: chaja ya ampea 10 haitamaliza kazi. Weka 20 kwa hizo mbili za risasi. Waya kutoka batri hadi konvertisere uwe mfupi, milimita 10 za mraba kwa posti mbili, na fyuzi ya ampea 40 kwenye chanya, karibu kabisa na batri. Ule waya wa 2.5 wa ukutani utayeyuka, na chumba chenye viti vya plastiki na watoto ishirini hakina haja ya moshi.

Stabilizatere, kile kifaa cha kusawazisha volti? Watakushawishi kwa sababu jioni taa zinakuwa nyekundu kama mkaa. Soma tena kibandiko: PS4 ikiandikwa volti 100 hadi 240, volti 160 haiiui. Kinachoua ni umeme unaporudi kwa kishindo, au netre (waya wa kurudisha umeme) ikikatika mtaani na nyumba ya volti 220 ikapokea karibu 380. Nunua kinga ya volti inayokata juu ya 250 na kusubiri dakika 3 kabla ya kurudisha, ifungwe pale umeme unapoingilia chumbani. Kidude kidogo kuliko maneti.

Mengine haraka. Mpira tu, FIFA 23 inatosha, ndiyo ya mwisho ya kampuni ya EA yenye jina hilo, na kila mashine inataka diski yake. Usikubali PS4 "iliyovunjwa", yaani iliyofunguliwa kufuli la mfumo ili icheze michezo ya wizi: kila ikizimika kabisa inabidi ivunjwe upya, na kwa delestaji zetu utakuwa unavunja mpaka usingizini. Wazazi: waambie kwamba Asian Games za Hangzhou mwaka 2023 zilitoa nishani katika michezo saba ya video, mpira ukiwemo. Zamani mzazi alikuja na fimbo, leo wengine wanamleta mtoto wenyewe na kuuliza saa ya kufunga. Tantali, madini yanayotoka kwenye coltan ya machimbo yetu ya Rubaya, inakwenda kuingia kwenye mashine za dunia nzima, nasi tunazinunua mitumba na kuzilisha batri ya taksi!

Bei ya mechi na mashindano watakujibu wengine. Wewe kabla hujalipa piga picha ya kibandiko cha nyuma cha hiyo konvertisere na cha batri, uziweke hapa. Herufi zisomeke.