Maswali ya Wasomaji: Tokeni za Shaba za Uingereza

SWALI: Nimepata tokeni (sarafu iliyotolewa na wafanyabiashara, si serikali) ya nusu peni ya Coventry ya 1792, yenye Lady Godiva, mwanamke wa hekaya za mji huo, juu ya farasi na tembo upande wa pili. Katalogi inaonyesha namba zaidi ya moja kwa picha hizohizo. Yangu ni ipi?

JIBU: Achana na picha kwanza, soma ukingo. Katalogi ya Dalton na Hamer, ambayo wakusanyaji wengi huifuata, hupanga tokeni hizi kwa kaunti. Zikifanana pande zote mbili, mara nyingi kinachozitenganisha ni maandishi ya ukingoni, na namba huongezewa herufi kama a au b. Ishike kati ya kidole gumba na cha shahada, taa iwe ubavuni, uizungushe taratibu huku ukinakili kila herufi unayoiona kwa lenzi. Ya Coventry iliyotolewa kwa ajili ya biashara hasa hutaja ghala la Robert Reynolds na wenzake, yaani mahali pa kuibadilisha kwa fedha.

Usishtuke herufi zikiwa zimepondeka au zimepinduka ukilinganisha na uso. Kipande kitupu kiliviringishwa kwanza kati ya vyuma viwili vyenye maandishi, ndipo kikapigwa chapa. Cha kutilia shaka ni mstari mwembamba unaozunguka ukingo wote, au vitundu vidogo usoni: hizo ni dalili za kumiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa chapa, yaani huenda ni bandia. Pima uzito pia. Nusu peni nyingi za miaka ya 1790 zina gramu 9 hadi 10 hivi, lakini zile za mwanzo za mgodi wa Parys, Anglesey, zenye kichwa cha mzee wa Druidi (kuhani wa kale wa Waselti), ni nzito zaidi.

Na mbona kingo ni nyingi hivyo? Wakusanyaji wa wakati uleule ndio chanzo. Ukusanyaji ulipopamba moto katikati ya miaka ya 1790, watengenezaji walichanganya mihuri (vyuma vya kupigia chapa) na kingo makusudi ili wawauzie "aina mpya". Kwa maoni yetu, anayeanza azipite hizo, atafute zinazotaja mtoaji na mahali pa kulipia.

SWALI: Yangu ina ukijani. Niisugue?

JIBU: Hapana! Rangi ya kahawia ikishatoka hairudi, na bei huanguka nayo. Ukijani unaonata kwa kawaida hutokana na mifuko ya plastiki laini ya PVC. Itumbukize kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, mbali na moto, dirisha likiwa wazi. Kisha iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Ukijani mkavu, mwepesi kama unga, unaorudi kila ukiuondoa, ni ugonjwa wa shaba unaoletwa na kloridi (aina ya chumvi) na unyevu. Itenge na nyingine, uihifadhi pakavu pamoja na vifuko vya jeli ya silika. Ukijani mgumu uliotulia uache ulivyo.