Usafi 98% sio kiasi cha peptidi, usije ukalia kama mimi

Mkuu, rudisha kichupa kwenye friza kwanza. Umeuliza peptidi (minyororo mifupi ya asidi amino) na protini zinatofautiana wapi, "mabaki" ya asidi amino ndiyo nini, unga uyeyushwe kwa kitu gani, halafu pale chini ukapenyeza eti "nina miligramu 10 za usafi wa 98%, kwa hiyo nina 9.8". Chai imenipalia. Hesabu hiyohiyo ilinila miezi saba.

Hiyo 98% imetoka kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha vilivyoyeyushwa kwenye kimiminika. Mashine inatazama vinavyofyonza mwanga wa nanomita 214 au 220, yaani vifungo vya peptidi, kisha inakwambia: katika peptidi nilizoziona, ile uliyoagiza ni 98%, zilizobaki ni vipande vilivyokosewa wakati wa kuunganisha. Basi. Maji haiyaoni, chumvi haiihesabu, na vyote viwili vimo kichupani mwako, tena si haba. Unachotafuta wewe ni namba nyingine kabisa, KIASI HALISI CHA PEPTIDI, na mara nyingi huangukia kati ya 60% na 90% ya huo unga.

Chumvi inatoka wapi? Peptidi nyingi husafishwa kwa vimiminika vyenye asidi ya trifluoroasetiki, nayo hung'ang'ania kila penye chaji chanya: lisini, arginini, histidini, na ule mwanzo wa mnyororo. Yangu ilikuwa na daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 1,500 hivi na sehemu tano za namna hiyo, kila moja imebeba abiria wa 114, yaani molekuli moja ya asidi hiyo. Tano mara 114 ni 570. Gawa 1,500 kwa 2,070, unapata kama 72%, na maji bado hujayagusa! Cheti cha uchambuzi kilichokuja na kichupa, nilipokuja kukisoma vizuri, kilisema 68%. Mie nilishaandika 9.8 daftarini, nikapigia na mstari kwa rula.

Aliyeniponza ni wakala aliyeniuzia. Nilimpigia simu nikamuuliza waziwazi, "Hii 98% ndiyo kiasi?" Akajibu, "Ndiyo kaka, safi kabisa hiyo." Safi! Utadhani anauza mchele sokoni Ngamiani. Na mkubwa wangu maabara, ambaye shikamoo yake naitoa mpaka leo, alitia saini lile daftari bila kuuliza hata swali moja. Aliyeuliza ni mtahini, mbele za watu. Nikajifanya nimekohoa.

Kile kiwango cha chini cha kuzuia bakteria nilichoandika, mikrogramu 32 kwa mililita, kumbe kwa namba ya cheti ni kama 22. Muda wote naisingizia peptidi yangu udhaifu, masikini, na yenyewe inachapa kazi.

Utasema si ningezidisha kwa 0.68 yakaisha? Ndivyo nilivyofanya, nikagonga ukuta. Unga ule unafyonza unyevu, na mie nimeufungua Tanga, masika, kiyoyozi kimekufa, nautoa friza na kuufungua hapohapo kioo kikiwa bado kinatoka jasho. Sio mara moja. Namba ya cheti ilikuwa ya siku kichupa kilipotoka kiwandani, mle ndani ya kichupa changu kulishaingia hewa ya bahari ya Raskazone. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Ule unyevu ulikuja ukahamia na watoto. Hakuna namba ya kuokoa hapo. Nikanunua kichupa kingine kwa pesa yangu, nikarudia vipimo vyote.

Kwa hiyo cheti kabla ya mizani. Kama hakina kiasi halisi, wabane kiwandani wakupe, wakishindwa lipia uchambuzi wa asidi amino, huo ndio unaohesabu peptidi yenyewe. Bila namba hiyo usipime, usiyeyushe, hata kama msimamizi amekununia. Na kichupa kiache kifikie joto la chumba, kikiwa kimefungwa, ndipo ufungue.

Protini na peptidi, haraka haraka: ni urefu wa mnyororo, wengi huweka mpaka kwenye asidi amino 50 hivi. Oksitosini ina 9. Insulini ina 51 na watu bado wanavutana iitweje, kwa hiyo usipoteze usingizi. Mengine uliyouliza yamenitoka.

Tuma picha ya cheti hapa, ukurasa mzima, sio ile 98% tu uliyoizungushia duara.