Jibu: Kwa nini Rais apokee mabalozi ilhali bajeti inamsubiri?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Rais wetu hapa Tanzania apokee hati za utambulisho za mabalozi badala ya kushughulikia uchumi tu. Ni kwa sababu ibara ya 33 ya Katiba ya 1977 imempa kofia tatu: Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Kule Ujerumani, kofia mbili za kwanza zimegawanywa kwa watu wawili: Rais hupokea mabalozi, Kansela huendesha serikali.

Bajeti yetu husomwa Dodoma na Waziri wa Fedha, lakini mzigo ni wa Rais. Bunge likiikataa, ibara ya 90 inamruhusu kulivunja! Hapo ndipo natamani wananchi tukodoe macho zaidi. Hafla ya Ikulu nayo usiidharau. Balozi yuleyule ndiye atakayezungumzia mikopo na biashara.